Macho Mekundu na Manyoya Meusi: Jinsi Filamu Inavyomwandika Mbaya Mwilini

Katika filamu nyingi adui hujulikana kabla hajafungua kinywa. Anaingia mlangoni, na waliokaa mbele ya skrini wameshamaliza kumhukumu: jicho moja ni chongo, kovu limepita shavuni kutoka sikioni hadi mdomoni, kichwa kinang'aa kwa upara, meno yamepishana. Taa inammulika kutoka chini ya kidevu, kivuli chake kinapanda ukutani, muziki unakuwa mzito. Hakuna lililotokea kwa bahati. Mwandishi, mwongozaji, mpiga picha, mtu wa vipodozi na mshona mavazi wamekubaliana kwamba ubaya wa mtu huyu usomeke mwilini mwake, ili hadithi isipoteze dakika kumweleza.

Njia hii ya mkato ina faida kubwa mahali ambapo lugha ya filamu si lugha ya watazamaji. Katika vibanda vya video vya mkoa wa Simiyu, mjini Bariadi na kwenye senta za vijijini kama Nkoma, filamu kutoka Hong Kong, Mumbai au Los Angeles hutazamwa na wakulima wa pamba, wachunga ng'ombe na watoto wa shule ambao wengi wao hawaelewi mazungumzo yake. Wanachotaka kujua kwanza ni stelingi, yaani shujaa wa filamu, ni nani na adui ni nani. Stelingi si kazi kumjua, maana hafi. Adui ndiye anayehitaji alama. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu Tanzania kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili, na Kenya ikampata DJ Afro. Wasimuliaji hao waliongeza utani, ufafanuzi na vitisho, lakini hata kwao sura ya mtu ilitangulia maneno yao.

Ndiyo maana maadui waliokaa vichwani mwa watazamaji wa Afrika Mashariki ni wale waliokuwa na mwili wa kukumbukwa. Gabbar Singh wa Sholay (1975), aliyechezwa na Amjad Khan, ana ndevu zisizochanwa, meno machafu na kicheko kinachotangulia kifo cha mtu. Mogambo wa Mr. India (1987) ana macho ya Amrish Puri, yaliyotoka kama yanataka kuruka usoni. Miaka mitatu kabla ya hapo, Puri huyohuyo alionekana na kichwa kilichonyolewa kipara akiwa kuhani mwovu katika Indiana Jones and the Temple of Doom. Katika filamu za Shaw Brothers kuna Pai Mei, mzee wa nyusi nyeupe ndefu. Kuna pia Bolo Yeung wa Enter the Dragon (1973) na Bloodsport (1988), ambaye alama yake ilikuwa kifua. Bolo ni mfano wa kipekee kidogo, kwa sababu kifua hicho kilikuwa pia ndoto ya nusu ya vijana waliokuwa wakimzomea.

Desturi hii ni kongwe kuliko kamera. Ulaya ya karne ya 18 ilimsoma kwa hamu Johann Kaspar Lavater, mchungaji wa Uswisi aliyefundisha kwamba tabia ya mtu inaweza kusomwa kwenye pua, paji na kidevu chake. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu chake juu ya mhalifu, akidai kwamba kuna watu waliozaliwa wahalifu na kwamba hutambulika kwa taya kubwa, masikio yaliyochomoza na mikono mirefu kupita kawaida. Sayansi ilikwisha kuyatupa mafundisho yote mawili. Jukwaa la maigizo halikuyatupa, kwa kuwa lilikuwa likiyatumia tangu zamani. Shakespeare alimpa Mfalme Richard wa Tatu kibyongo na mkono uliokauka ili roho yake ionekane kwa nje. Mifupa ya mfalme huyo ilipofukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012, wataalamu waliona uti wa mgongo uliopinda upande, hali ambayo nguo nzuri zingeweza kuificha, na mikono yote miwili ikiwa mizima. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hila hiyo kwa njia nyingine. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mara ya kwanza 1963, mtawala anamhofia Kasio kwa sababu ya wembamba wake, na angependa zaidi kuzungukwa na watu wanene.

Filamu bubu ziliichukua hazina hiyo nzima, kwa kuwa hazikuwa na sauti ya kumwelezea mtu. Max Schreck katika Nosferatu (1922) ana upara, masikio yaliyochongoka na meno ya mbele kama ya panya. Lon Chaney alijitengenezea mwenyewe uso wa fuvu alioutumia katika The Phantom of the Opera (1925). Sauti ilipokuja mwishoni mwa muongo huo, alama zilikuwa zimeshazoeleka na hakuna aliyeona haja ya kuziacha.

Jinsi zilivyozoeleka ilipimwa mwaka 2017, pale madaktari watatu wa Marekani walipochapisha uchunguzi katika jarida la JAMA Dermatology. Waliwachukua maadui 10 na mashujaa 10 walioongoza katika orodha ya taasisi ya filamu ya nchi hiyo, wakawatazama kama daktari wa ngozi anavyomtazama mgonjwa. Maadui 6 kati ya 10 walikuwa na dalili za ngozi zilizo dhahiri: upara, weusi chini ya macho, mikunjo mirefu, makovu, chunjua, pua iliyovimba. Kwa mashujaa hapakuwa na kitu cha kulinganisha, ila kovu dogo moja moja ambalo mwigizaji alikuja nalo kutoka kwao. Walichoonya madaktari hao ni kwamba desturi hii inaweza kuchochea ubaguzi dhidi ya watu wenye magonjwa ya ngozi.

Mfululizo wa James Bond ungeweza kufundishia somo hili peke yake. Dr. No (1962) ana mikono ya chuma. Blofeld wa mwaka 1967 ana kovu linaloshuka juu ya jicho. Le Chiffre wa 2006 hutokwa na damu kwenye jicho. Safin wa No Time to Die (2021) ana uso ulioharibika, na katika filamu hiyohiyo kuna maadui wengine wenye kasoro za macho na uso, kana kwamba mmoja hakutosha. Lakini miaka mitatu kabla ya filamu hiyo, mwaka 2018, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilikuwa imeshatangaza kwamba haitatoa fedha kwa filamu ambazo kovu la usoni limetumika kumtambulisha mhusika mwovu, ikiunga mkono kampeni ya shirika la Changing Faces. Bond hategemei fedha za taasisi hiyo.

Kwa nini alama hizi hufanya kazi haraka kiasi hicho? Wanasaikolojia wana jibu lisilopendeza. Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2006 kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inamtosha mtu kuamua kama sura asiyoijua ni ya kuaminika, na kwamba muda zaidi humfanya aiamini hukumu yake kuliko kuibadili. Filamu haikuzaa udhaifu huo. Inaishi juu yake.

Hakuna mahali pazuri pa kuujaribu usahihi wa alama za filamu kuliko mashariki ya Bariadi. Kutoka upande wa Nkoma, ardhi inaelekea Pori la Akiba la Maswa, kisha Serengeti, na savana ya namna hiyo ndiyo ambayo Disney ilijaribu kuichora katika The Lion King ya mwaka 1994. Majina ya wahusika wengi ni ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Mbaya ndiye aliyenyimwa heshima hiyo, akaitwa kwa Kiingereza kwa jina la kovu lake, Scar. Kovu limekatiza jichoni. Mwili ni mwembamba, macho ni ya kijani, kucha ziko nje, na zaidi ya yote manyoya ya shingoni ni meusi, ilhali kaka yake Mufasa ana manyoya mekundu na kifua kipana, na Simba ni wa rangi ya dhahabu. Mtoto wa miaka minne anaelewa mara moja.

Simba jike wa Serengeti wasingemwelewa mchoraji. Peyton West na Craig Packer walichapisha mwaka 2002, katika jarida la Science, matokeo ya utafiti wao kuhusu manyoya ya simba dume wa hapo. Walitengeneza midoli ya simba yenye ukubwa wa kweli, mingine ikiwa na manyoya meusi na mingine meupe, wakaiweka porini na kusubiri. Majike walimwendea mwenye manyoya meusi. Madume walimkwepa na kumwendea mweupe, aliyeonekana wa kupigika. Kumbukumbu za miaka mingi zilieleza sababu: dume mweusi ameshiba vizuri, ana homoni nyingi zaidi za kiume, hupona majeraha kwa urahisi na watoto walio chini ya ulinzi wake huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Gharama anayolipa ni joto, kwa kuwa weusi hunasa jua. Kwa vipimo vya simba wenyewe, basi, Scar wa 1994 ni bwana harusi. Filamu iliporudiwa mwaka 2019 kwa picha zinazofanana na uhalisi, manyoya yake yalipunguzwa yakawa machache na yaliyonyofoka, huku kovu likibaki palepale.

Fisi wa filamu hiyo walitendewa vibaya zaidi. Wanakoroma, wanadondosha mate, mmoja hana akili hata kidogo, na wote wanangoja makombo ya simba. Hans Kruuk, aliyewafuata fisi wa Serengeti na Ngorongoro usiku kwa usiku katika miaka ya 1960, aligundua kwamba fisi hujiwindia sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kuwanyang'anya. Hata hivyo mtazamaji wa Simiyu hana sababu ya kumtetea fisi mbele ya Disney. Usukumani fisi amekuwa mnyama wa wachawi katika masimulizi tangu zamani, anayepandwa usiku na kufugwa kwa siri. Mashambulizi ya fisi dhidi ya watu wilayani Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi, yaliporipotiwa sana mwanzoni mwa 2025, habari za fisi aliyekutwa na alama ya binadamu mwilini zilikwenda mbali kuliko habari za vifo vyenyewe. Katika jambo hili California na Usukuma walikutana bila kupanga.

Walikutana pia kwenye macho, na hapo madhara ni makubwa zaidi. Mchawi wa filamu za kutisha, za Hollywood na za Bongo, karibu lazima awe na macho mekundu. Hollywood hutumia kompyuta au lenzi za rangi. Bongo huzitumia lenzi hizohizo zinapopatikana, au hubadili rangi ya picha wakati wa kuhariri. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam hiyo ni burudani ya Jumamosi. Kwa mtazamaji wa Usukumani, macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa ushahidi wa uchawi muda mrefu kabla televisheni ya kwanza haijafika, na watu waliuawa kwa ajili yake. Uchunguzi uliofanywa na serikali ulihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984 kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ilikuwa Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakati huo Bariadi ikiwa bado ndani ya Shinyanga. Simiyu ilipata kuwa mkoa mwaka 2012.

Wekundu huo una historia, na historia hiyo ni ya miti. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiwa na kituo cha utafiti wa mbung'o mjini Shinyanga chini ya Charles Swynnerton, iliwahimiza wananchi kufyeka mapori ili kuwaondoa wadudu hao na ugonjwa wa malale. Pamba ikafuata, ikahitaji mashamba mapya kila mwaka, na mifugo ikaongezeka kwenye ardhi iliyobaki. Baada ya vizazi viwili nyanda nyingi za Usukuma zilikuwa wazi, na kuni zikawa safari ya nusu siku. Mwanamke asiye na nguvu za safari hiyo hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, vitu vinavyotoa moshi mwingi na mkali, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Afanye hivyo miaka arobaini. Ongeza ugonjwa wa vikope, unaoenezwa na inzi na mikono na unaowapata zaidi wanawake kwa sababu wao ndio wanaolea watoto. Macho yatakuwa mekundu kwa mchawi na kwa asiye mchawi.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI na ulioanza 1986, ulirudisha zaidi ya hekta 300,000 za miti kwa kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike. Watetezi wa wazee nao wamekuwa wakihimiza majiko yasiyotoa moshi mwingi. Ni mara chache kwa jiko la udongo kuhesabiwa miongoni mwa silaha za kupambana na mauaji, lakini hapa linastahili. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyechunguza mauaji hayo, aliyahusisha pia na misukosuko ya operesheni za vijiji za miaka ya 1970, zilizowabana watu pamoja na kuongeza kutoaminiana. Mirathi, mashamba na ramli chonganishi vilimalizia kazi. Macho yalikuwa kisingizio kilicho karibu.

Itakuwa kosa kusema kwamba filamu zilianzisha imani hiyo, au kwamba kuna mtu aliyethibitisha kuwa muvi fulani ilisababisha panga fulani kunyanyuliwa. Lawama inayozistahili ni ndogo kuliko hiyo, nayo ni ya haki: zinairudisha alama ileile kwa watazamaji walewale, sasa ikiwa na rangi, muziki na mahakama ya wanakijiji inayotoa hukumu iliyo sahihi kila mara. Ndani ya hadithi, bibi mwenye macho mekundu huwa kweli ni mchawi. Hakuna filamu ya aina hiyo inayomaliza kwa kugundua kwamba alikuwa anapika kwa kinyesi cha ng'ombe.

Mavazi huongeza mkanganyo. Mtu wa uchawi katika Bongo muvi huvishwa kaniki, shanga shingoni, usinga mkononi, tunguri pembeni, na uso kupakwa unga mweupe. Karibu kila kitu katika orodha hiyo, ukiondoa labda unga, ni vifaa halali vya waganga na vya viongozi wa ngoma za Wasukuma. Vyama vya Bagika na Bagalu, vinavyoshindana kila mwaka baada ya mavuno na ambavyo ushindani wao unaonekana hadi leo katika sherehe za Bulabo kule Bujora, vina dawa zao, mavazi yao na mapambo yao. Kijana aliyejifunza urithi huo kwenye skrini pekee atamwona kiongozi wa ngoma akadhani amekutana na adui.

Sababu za kiuchumi nazo hazipaswi kusahaulika. Enzi ambapo soko lilikuwa la diski na msambazaji mkubwa alikuwa Steps Entertainment, filamu nyingi za Bongo zilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo, na leo zile zinazotengenezwa kwa ajili ya YouTube hupigwa haraka zaidi. Anayeandika mswada usiku na kupiga picha asubuhi hana nafasi ya kumjenga mtu mbaya hatua kwa hatua. Lenzi nyekundu, kikohozi na fimbo ni rahisi. Kisha mwigizaji anayefaulu katika nafasi hiyo huitwa tena kwa nafasi ileile. Nollywood, iliyowafundisha Bongo mengi, ilimfanya Patience Ozokwor kuwa mama mkwe mbaya wa bara zima.

Watu wenye ualbino walikutana na jambo hilohilo kutoka pande mbili. Huko Marekani, jumuiya yao ya kitaifa imelalamika mara nyingi kwamba filamu huwatumia kama wauaji: mapacha weupe wa The Matrix Reloaded (2003), mtawa Silas wa The Da Vinci Code (2006). Malalamiko yana hoja moja ya kitaalamu ambayo watunzi wangeifikiria kidogo tu wangeiona. Ualbino huambatana na uoni hafifu, kwa hiyo mlenga shabaha hodari mwenye ualbino ni kazi ya mwandishi asiyeuliza. Mwaka uleule wa Silas ndipo wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilipokuwa linaanza Kanda ya Ziwa, likichochewa na waganga waliouza viungo vya binadamu kama dawa ya utajiri. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, mbunge wa kwanza mwenye ualbino kupatikana kwa kura jimboni. Sura hizo mbili bungeni, zikionekana kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, huenda zilifanya kazi ambayo tamthilia nyingi zisingeweza.

Filamu moja iliyopigwa Tanzania iliigeuza kamera. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopewa tuzo ya filamu bora ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2013, inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino aliyechezwa na Hamisi Bazili, anayekimbilia mjini baada ya baba yake kuuawa. Wawindaji wake hawana alama yoyote. Ni watu wa kawaida wenye madeni na njaa ya fedha, na hilo ndilo linaloifanya filamu iwe ngumu kuitazama.

Filamu hiyo, kwa kweli, iko karibu zaidi na hadithi za mababu kuliko muvi za lenzi nyekundu. Hadithi ya msichana anayekataa wachumba wote wa kijijini, kisha akamkubali mgeni mzuri kupita wote, inasimuliwa pwani na bara. Mgeni ni zimwi, au joka, na uzuri wake ndio mtego. Pwani kuna jini la kike linalotembea usiku, lenye sura ya kumfanya mwanamume asahau njia ya kwao, na ambalo alama yake pekee ni kwato zilizofichwa chini ya baibui. Anayetazama uso hataona kitu. Ni lazima atazame miguu. Mussa Banzi alijaribu njia zote mbili katika miaka ya mwanzo ya 2000: Nsyuka ilikuwa na kiumbe wa kutisha kwa sura, na Shumileta ikawa na kiumbe wa kike ambaye hatari yake ilikuwa mvuto. Nigeria ilikuwa imetangulia. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyofungua mlango wa Nollywood, iliwaweka wachawi wake ndani ya suti na magari ya kifahari, na mtazamaji alijifunza kumshuku mwenye fedha zisizo na maelezo.

Hata filamu za kikoloni zilikuwa na kipande cha wazo hili. Muhogo Mchungu, iliyopigwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ambayo Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye, alikuwa mmoja wa waigizaji wake wakuu, inamhusu mtu wa shamba anayeingia mjini na kuangukia mikononi mwa wajanja. Katika masimulizi ya aina hiyo hatari huvaa vizuri na kuongea kwa upole. Wazo hilo lilipoingia katika Bongo muvi za mapenzi lilipunguzwa likawa urefu wa sketi: mwanamke mbaya ana kimini, miwani ya jua na glasi ya mvinyo, mwema ana kanga. Hapo mavazi yalichukua kazi ya kovu, na mwanamke ndiye aliyebebeshwa mzigo.

Kuna mwongozo mwingine katika filamu za Tanzania, na umekuwepo muda mrefu ingawa haujulikani vibandani. Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill (1985), inamwonyesha mganga wa jadi akimtibu mwanamke ambaye hospitali ilishindwa kumsaidia. Vifaa vilevile ambavyo Bongo muvi ingevifanya vya kichawi vimepewa hadhi yake. Mulvihill akishirikiana na Martin Mhando alitengeneza baadaye Maangamizi, ambamo Amandina Lihamba anacheza mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi hospitalini kutokana na yaliyompata utotoni. Anayemjia ni mzimu wa bibi. Mwongozaji mwingine angemtumia bibi huyo kutisha watu. Hapa ndiye anayeshika njia ya kupona. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Tanzania kupelekwa kwenye mashindano ya Oscar.

Ya pili ilifuata baada ya miongo miwili: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, inayowahusu Yasmin na Denge katika Unguja ya miaka ya 1950. Anayewawinda humo ni dola ya kikoloni na polisi wake, watu wenye sare zilizopigwa pasi na nywele zilizochanwa. Kamera haiwapi makovu wala taa ya kidevuni. Inawaonyesha wakikamata na kuhoji, na mtazamaji anawajua kwa kazi hiyo.